Sarafu Ukutani

Walikuja Jumanne, vijana wawili wa baraza la mji
na kopo la rangi nyekundu.
Hawakusalimu. Walichora alama ya mkasi ukutani,
juu kidogo ya kichwa changu, na rangi ikadondokea
sketi ya shule niliyokuwa nikiipiga upindo.
Sketi ya binti wa Athieno. Doa halijatoka hadi leo.

Barua ikafuata, na muhuri wake:
jengo ni bovu, lina ufa, libomolewe kabla ya mwezi kwisha.

Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye varanda hii,
mguu wa kulia ukikanyaga cherehani.
Nawapima watu wa Nagongera: bega, kiuno, urefu wa mkono.
Siku ile nikatoa futi kamba nikalipima jengo.
Nguzo sita, kila moja kiuno cha mama wa miezi minane.
Milango ya mvule, mchwa waliionja wakaiacha.
Na kule juu, kwenye kipaji, herufi za saruji:
JIVRAJ 1934. Ile J ya kwanza imeshaanguka;
watoto husoma Ivraj, wanadhani ni jina la malaika.

Jivraj simjui. Mama yangu alimjua mkewe,
mwanamke aliyehesabu vifungo mara mbili
kisha akaongeza kimoja.
Mwaka wa sabini na mbili walipewa siku tisini.
Debe la vifungo lilibaki ngazini.
Ninavyo vitatu. Simshonei mtu.

Nikanunua daftari la kurasa tisini na sita.
Katekista Ofwono akaandika kichwa cha habari
kwa mwandiko wake wa vyeti vya ubatizo.
Waendesha boda walitia sahihi juu ya tangi la petroli,
herufi zikitetemeka kwa sababu hawakuzima injini.
Asiyejua kalamu alichovya dole gumba
kwenye wino wa duka la mbegu.
Bibi Nyaburu alichovya madole yote mawili:
"Moja langu, moja la Oketcho.
Nilimzaa hapa, nyuma ya nguzo ya tatu,
usiku wa risasi. Nguzo ilinificha. Mtoto hakuishi,
lakini alikuwa mtu wa mji huu."

Opendi muuza mpunga alikataa.
"Wewe unapenda kuta. Mimi mvua inanilia magunia.
Choo hakuna. Mwanangu anataka dirisha la kioo, simu zionekane.
Utanilisha mwaka wa thelathini na nne?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Bati lake linavuja kweli.

Kikaoni injinia alisoma: ufa unaendelea kutanuka.
Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.
"Bwana, unatanuka tangu lini?
Mimi nilichomeka humo sarafu ya mia
mwaka nilipomwachisha ziwa kitinda mimba wangu.
Leo kijana ananizidi kimo.
Kama ufa umetanuka, sarafu imelegea. Twendeni."

Wakaja, kikao kizima, viatu vya ngozi ndani ya matope.
Injinia alivuta kwa kucha.
Akavuta kwa kisu.
Akaazima koleo ya fundi baiskeli, akakunja shati.
Ng'ombe wa kwenye sarafu alimtazama tu.
Watu walicheka. Mimi sikucheka,
tumbo lilikuwa linanikata: je, ikitoka?

Haikutoka.

Jioni wakatusomea uamuzi.
Hatubomoi. Hatuachi. Tunaahirisha,
siku tisini.
Nilitia mkono mfukoni nikavishika vile vifungo,
nikavihesabu, mara mbili.

Greda limeegeshwa karibu na reli, kuku wanalala chini yake.
Ile alama nyekundu nimeitundikia magauni.
Leo ni siku ya kumi na tisa.
Usiku wa jana ilinyesha, mvua ya kung'oa mihogo,
na asubuhi kabla sijafungua cherehani
Opendi alikuwa pale, suruali imelowa hadi magotini,
tochi ya simu ukutani.
Hakugeuka.
"Ile sarafu yako," akauliza, "ndiyo hii?"
"Ndiyo hiyo."
Akaisukuma kwa kidole, polepole,
ndani, si nje.