Kifutio

Kiwanda cha dobi, Halifax, bondeni chini ya reli,
shuka za hospitali tatu huja zimelala, huondoka zimenyooka.
Ukutani, mchoro: visanduku arobaini na kimoja,
mishale, almasi nne za ndiyo na la,
vyote vimevikwa plastiki, vimepigwa pini pembe tatu;
ya nne imejikunja kwa mvuke.

Bwana Hirst ananilipa siku tatu
nimwambie mchoro wake unakunjika kiasi gani.
Samaki, nasema moyoni, hukunjwa angali mbichi.
Huyu alikaushwa mwaka wa mafuriko,
akabandikwa.

Naanza kuuliza, kama daktari anavyobonyeza tumbo:
Hospitali ikitaka shuka usiku badala ya alfajiri,
visanduku vingapi vitafutwa?
Kumi na tisa.
Mashine ya pili ya kukaushia ikifa?
Ishirini na sita, na almasi moja itabaki haina pa kuelekea.
Na foronya za kitambaa kipya, zisizovumilia moto?
Nageuza karatasi. Nahesabu tena. Naacha kuhesabu.

Naandika: ugumu, wa juu. Naandika: mafundo, mengi.
Ukivuta uzi huu, sweta lote linafumuka.

Saa nne, chai. Noreen Sutcliffe,
miaka ishirini na miwili kwenye pasi kubwa,
ananiuliza nahesabu nini.
Namweleza. Anacheka mpaka chai inamwagikia kisahani.
"Mashine ya pili ilikufa Februari," asema.
Nani aliwaambia la kufanya?
Anaelekeza kidevu kwenye mlango wa friji:
kipande cha boksi la biskuti, maandishi ya penseli,
majina manne, mshale mmoja,
pamefutwa pakaandikwa, pakafutwa pakaandikwa,
hata boksi limeota manyoya.

Nauliza kama naweza kulipima hili.
"Lipime. Ila lirudi kabla ya zamu ya mchana."

Usiku, hotelini, mvua inabisha dirishani
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Jedwali langu lina safu moja tupu. Naijaza.
Boksi la biskuti. Visanduku: sifuri.
Gharama ya kubadili: dakika moja, na kifutio.
Hatari:
hapa kalamu inasita,
nasimama, nawasha birika, nalizima,

Noreen anastaafu Septemba.