Maranda

Mwaka wa tatu wa uzamivu, Mafinga,
na bado napima maranda.
Nyuma ya mashine za mbao lundo linaungua lenyewe,
halina mpishi, halina sufuria,
tangu Pasaka linafuka
mpaka ukungu wa mipaini umeshika harufu yake.

Dokta Ambakisye, msimamizi wangu, akija kutoka Mbeya
haulizi nimeandika kurasa ngapi.
Anaokota kitofali cha mkaa wangu, anakivunja, ananusa.
"Unyevu kiasi gani, Atuganile?"
Asilimia kumi na mbili.
"Ulipima, au ulikumbuka?"
Nikarudi kwenye mizani.

Jumamosi nikapeleka jiko kwa Mama Chengula,
nikafunga vipima moshi ukutani, nikakaa na daftari.
Maji yakachemka kwa dakika kumi na moja.
Moshi, karibu na sifuri. Nikajipongeza kimoyomoyo.
Kisha akamimina unga, akashika mwiko,
na jiko langu likaanza kutembea sakafuni
kama mbuzi anayevutwa mnadani.
Akalibana kwa mguu, akasonga,
hakusema neno mpaka tulipokuwa tunanawa.
"Mwanangu, moto umeusomea. Na mkono je?"

Usiku ule sikugusa hesabu za hewa ukaa.
Nilichora miguu: mitatu, mifupi, imetanuka
kama mafiga.

Kwenye sura ya nne
Dokta alizungushia jina moja kwa kalamu nyekundu:
"Huyu ni nani?"
Ndiye aliyebana jiko kwa mguu.

Hakulifuta.
Nje, lundo lilikuwa bado linaungua bure.