Kisanduku cha Ukutani

Wewe kumi na nane, mimi ishirini na sita:
miaka minne tunapigana vita hivyo
ushorobani mwa fleti yetu ya Ghubra.
Nikiamka usiku kunywa maji, nabonyeza mshale wa juu;
ukiamka alfajiri kutawadha, wabonyeza wa chini,
na kila mtu hurudi kitandani kashinda.

Nje, Julai. Bomba la baridi latoa maji ya chai.

Jana fundi Biju alikuja kusafisha chujio.
Akabandua kifuniko, akacheka peke yake,
akaniita nione: nyaya zimekatwa,
zimefungwa utepe mweusi, zimelala kama mijusi.
“Mama, namba hizi zinawaka kwa betri tu.
Baridi yako anayo mwenye nyumba, juu kwenye dari.”

Basi lile blanketi nililokunyang'anya?
Na ile wiki uliyohamia sebuleni na mto wako?

Nikamwambia arudishe kifuniko.

Sijakwambia, Hilali.
Usiku huu umeguna, umekwenda, umebonyeza,
ukarudi: “Ah! Sasa afadhali.”
Nami nikavuta shuka hadi kidevuni,
nikatetemeka.
Wallahi, nimetetemeka kweli.