Kabla, kwa Kipimo cha Moja kwa Elfu

Kadibodi hii ilitoka kiwandani,
marobota mawili aliyoyasukuma baba kwa baiskeli
siku king'ora cha zamu kilipolia mara ya mwisho
na mishahara ya miezi minne ikabaki midomoni mwa wakubwa.
Miaka yote imelala juu ya kabati,
ikinuka dawa za kiwanda, ikingoja kuwa kitu.

Basi nimeamua: itakuwa chombo cha anga.
Kasi yake ikishinde kile cha runinga
tulichokitazama dirishani kwa Mukhwana, fundi redio,
bila sauti, nyayo zimezama matopeni;
kile kilichotumia vipindi thelathini na tisa
kuifuata nyota ya jirani,
na cha arobaini umeme ukapotea Webuye nzima.
Changu hakitachelewa. Nimekiita Kabla.
Ukiuliza kitafika lini, jina limeshakujibu.

Sentimita sitini na mbili, pua hadi mkia.
Zidisha kwa elfu: pua ikishafika stesheni ya reli
mkia ungali sokoni, unapatana bei ya omena.
Mtu mzima, kwa kipimo hiki, ni punje ya wimbi.
Nimechagua mabaharia arobaini kwenye debe la mama,
nikawagandisha mmoja mmoja nyuma ya dirisha la selotepu.
Mama akasema: hao walikuwa uji wa kesho.

Injini sita ni vifuniko vya dawa ya kikohozi.
Mabomba ni kalamu za biki zilizokauka;
Nakhumicha wa dada alinikusanyia darasani
na kila kalamu aliileta na swali lake.
"Mjomba, kule juu hakuna hewa.
Pua umeichonga ya nini?
Hata tofali lingekwenda mbio zilezile."

Wembe ukanisimama mkononi.
Kweli. Kule hakuna upepo wa kupasua.
Nililala nayo hiyo, nikaamka nayo,
nikapima misumari kwa kilo dukani nikiiwaza,
nikamkatia mteja bati fupi kwa futi nzima.
Jioni nikamwambia: pua ni ya jicho, mwanangu.
Jicho limezaliwa huku, penye upepo.
Limemwona mwewe akijitupa kutoka Chetambe,
limeyaona maji ya Nabuyole yakikosa subira.
Halitaamini mbio za tofali.
Akasema, "Mm." Ile mm ya mtu aliyeshinda.

Wiki ya saba kikakamilika.
Kilinyooka, kililingana, kilipakwa rangi ya fedha.
Na kilikaa mezani kama jeneza la sungura.
Nilikizungusha, nikakiinamisha, nikazima taa nikawasha.
Hakikwenda popote.

Kisha mvua ya saa kumi, hii yetu isiyopiga hodi,
ikapata tundu la msumari juu ya meza.
Niliporudi, bawa la kushoto lilikuwa limelewa maji,
limejikunja kuelekea tumboni, rangi imechanika.
Nilikaa chini. Nilitaka kulia, nikaona aibu,
nikainua macho.

Kilikuwa kinakata kona.
Naapa. Kama ng'ombe dume anayemkwepa mwenzake,
bega moja chini, mwili wote umeshaondoka
na mezani pamebaki habari zake tu.
Sijaligusa bawa hilo hadi leo.

Baba huwa haingii chumbani kwangu.
Usiku ule alipunguza redio, akaja, akasimama.
Hakuuliza habari za nyota.
Aliibana kingo ya bawa kwa kidole gumba na cha shahada,
akaisugua polepole kama anayepima kitambaa.
"Gramu mia mbili hamsini," akasema.
"Mashine ya tatu. Hii ni ya zamu yangu."

Tukasikiliza mabati yakidondoka.
"Umepakia wangapi?"
Arobaini, nikamwambia.

Akaenda jikoni. Nikasikia debe likifunguliwa,
likifungwa.
Akarudi na kiganja kimekunjwa,
na ndani yake punje moja.