Kaka Mkubwa Yuko Mezani

Saa moja na nusu hoteli huwasha kurunzi majini,
na taa huja kwa taa:
samaki wapana kama mikeka, vinywa wazi,
wakipinduka chini ya mawe meusi
ambayo zamani yalikuwa moto.
Wageni husimama na glasi zao.

Mimi hubeba sahani. Kifuani nimebandikwa Kawehi,
na chini yake jina la kwetu,
hatua mia nne kutoka hapa,
enzi hizo hapakuwa na lango.

Menyu inasema: magimbi ya kupondwa, ya asili.
Haisemi aliyeponda ni mjomba Laakea,
alfajiri, jiwe juu ya ubao,
bega moja limeshuka kuliko jingine.

Meza ya kumi na mbili, mume na mke.
Samaki wao kafungwa majanini, mvuke bado unamtoka.
Wanagombana kwa sauti ya watu waliolipa:
chini chini, meno yamebanwa,
kuhusu nyumba, kuhusu mama wa mtu,
kuhusu mwezi wa tatu.
Na katikati yao bakuli liko wazi.

Bibi alinifunza kabla sijajua kuhesabu:
mtoto wa kwanza wa ukoo alizaliwa hana pumzi,
akazikwa kando ya nyumba,
pakaota gimbi.
Wa pili ndiye mtu. Ndiye sisi.
Kwa hiyo bakuli likifunuliwa, kaka mkubwa amefika.
Mwenye neno chungu alimeze,
au atoke nalo nje.

Nikanyoosha mkono, nikatandaza kitambaa juu ya bakuli.
"Mbona unaondoa? Hatujagusa," akasema mke.
Nilifundishwa majibu sita ya adabu. Hakuna lililofaa.
Nikasema, "Kuna mtu anasikia."
Mume akageuka, akamtafuta huyo mtu.
Meneja, penye nguzo, akaangalia saa.

Sijui kama walielewa.
Mke alicheka kidogo, akalia kidogo,
kisha akafunua kitambaa mwenyewe, taratibu,
kama anayechungulia mtoto aliyelala.
Wakala kwa vidole, kimya,
nguo nyeupe ya meza ikaingia madoa ya zambarau.
Bakshishi hawakuacha.

Saa tano kurunzi huzimwa; taa nao huenda zao.
Jikoni, nimesimama, nakwangua kilichoganda bakulini.
Kimechachuka kidogo, ndivyo nipendavyo.
Simu inatetemeka mfukoni: dada yangu, na lile deni.
Naiacha itetemeke.
Kwanza nimalize. Yupo.