Antena ya Ambulensi, Kondele

Bampani, asema Omuga, ndipo itakapopendeza.
Si pembe ya fahali, namwambia.
Bati la paa ndilo ardhi yake;
pale kati, sauti huenda sawa pande zote.

Gari jipya. Nashika keekee.
Omuga anageuka kutazama ukuta.

Nakwangua rangi mpaka chuma king'ae,
raba, nati, waya chini ya dari;
ufito naupunguza milimita, tena milimita,
kilichokatwa hakirudi.

Nyando ilipofurika tuliita Ahero,
ikajibu mikwaruzo.
Mama alijifungulia kwenye tope la shamba la mpunga,
sisi tukiuliza: wapi? Rudia. Wapi?

Haya Omuga, bonyeza.

"Ahero, mwatupata?"

"Twawapata. Mbona mwapiga kelele?"