Tanuri la Mwaka wa Tisa

Mali bila daftari, alikuwa akisema mama dukani kwake Singida,
hupotea bila habari.
Nimeibeba kauli hiyo hadi Longton,
mji wa vigae na mvua ya Februari,
ambako matanuri ya kale yamesimama kama chupa tupu
ambazo hakuna aliyerudi kuzichukua.

Kiwandani kwa Maureen Colclough wanafinyanga vikombe.
Tanuri lao la gesi lina miaka ishirini na saba
na linakula pesa kama mgeni asiyeaga.
Jipya, la umeme, ni pauni elfu themanini na nne.
"Litaniokolea elfu ishirini na nne kwa mwaka," alisema,
"miaka mitano. Zidisha. Kuna nini tena cha kukokotoa?"

Kuna wakati, Maureen.
Pauni ya mwakani si pauni ya leo;
fimbo ya mbali haiui nyoka,
na nyoka wako, benki, yu mlangoni na asilimia zake kumi.
Kukopa harusi, kulipa matanga.
Basi nikaichukua kila pauni ya kesho
nikairudisha nyumbani kwa miguu,
na kila mwaka iliouvuka ukaitoza ushuru.
Elfu ishirini na nne za mwaka wa kwanza
zikafika elfu ishirini na moja na mia nane.
Za mwaka wa tano zikafika hoi,
elfu kumi na nne na mia tisa, viatu vimekwisha soli.
Nikajumlisha, nikatoa bei ya tanuri.
Zikabaki elfu sita, mia tisa sabini na tisa.
Thamani halisi ya sasa. Juu ya sifuri.
Nunua.

Ningeifunga kompyuta hapo.
Ila saa nne usiku Alwyn Bloor akaniletea chai
katika kikombe cha daraja la pili, rangi imekimbia mkononi,
kile kinachouzwa dirishani kwa punguzo.
Yeye hukesha na tanuri, siku tatu kwa wiki,
akiusikiliza moto kama wengine wanavyosikiliza redio.
Jipya linajizima lenyewe.
Nikautazama mstari wa kumi na nne wa jedwali langu:
akiba, ujira wa usiku, elfu tisa.
Alikuwa mle, bila jina,
anapunguzwa mwaka hadi mwaka,
na kufika wa tano hatimizi theluthi mbili za mtu.

Nikaufuta mstari, kwa kujaribu tu.
Jibu likazama chini ya sifuri, elfu ishirini na saba na ushei.
Faida yote ilikuwa yeye.

Nikamuuliza, kama anayeuliza habari za mvua,
tanuri kama lile hudumu muda gani.
"Muuzaji kasema mitano?" Akacheka. "Hili walisema kumi.
Tanuri huuawa na ufa ambao hakuna aliyeuona mapema.
Weka mtu wa kuugusa ukuta kila usiku,
nami nakupa miaka tisa."

Subira huvuta heri, husema waliokwisha kuipata.
Ngojangoja huumiza matumbo, husema waliobaki foleni.
Fomula yangu hukaa katikati yao
na haimpendelei yeyote.
Nikamrudishia Alwyn ujira wake, nikaongeza miaka minne,
wa mwisho mwembamba kama karatasi ya kufungia vikombe.
Elfu mbili, mia tatu themanini na tano.
Juu ya sifuri, lakini kwa kuchuchumia,
na imesimama juu ya neno la mtu mwenye vidole vilivyoungua.

Asubuhi nikampa Maureen karatasi mbili.
"Ipi ya kweli?"
"Hesabu zote mbili ni sahihi. Sema wewe unaamini nini kuhusu ukuta."

Alizisoma amesimama, koti linachuruzika.
Hakusaini. Alizikunja pamoja, akashuka ngazi.
Alwyn alikuwa ameshakwenda kulala.
Kupitia kioo nilimwona peke yake mbele ya tanuri la zamani,
akanyoosha kiganja, akakiweka ukutani,
akakiondoa upesi.
Halafu akakirudisha.